Mizani ya Mama Mkwe

“Panda, mwanangu. Mizani haing’ati.”

Bonge aliitazama ile mizani iliyowekwa katikati ya sebule, kati ya meza ya chai na miguu ya shangazi wa mchumba wake, akajisemea moyoni kwamba mama mkwe haijui vizuri mizani yake. Hii ilikuwa na meno.

Jina la Bonge alipewa na mafundi wenzake kwenye karakana ya makochi, siku alipobeba kochi la watu watatu peke yake na kulipitisha mlangoni, wakati wanaume walikuwa bado wanabishana aanze nani kushika. Alilipenda jina hilo. Kule karakana lilikuwa sifa. Hapa kwenye sebule hii, kila Jumamosi baada ya chai, liligeuka kuwa ugonjwa.

Akavua ndala. Akavua hereni. Akavua na mkanda wa ngozi uliolibana gauni lake kiunoni, akauweka juu ya mkono wa kochi.

Leo haikuwa Jumamosi ya kawaida. Mshale ukishuka hadi walipokubaliana, mama mkwe angepeleka neno kwa wazazi wa Bonge waje kupanga siku ya harusi. Usiposhuka, neno lisingekwenda. Lilikuwa limeshaahirishwa mara mbili, na baba yake Bonge alianza kuuliza, kwa ile sauti yake ya mtu anayeulizia habari za mvua, kama huyo mwalimu anaoa au anafuga.

Mwalimu mwenyewe alisimama dirishani, mikono kifuani. Alifundisha michezo shule ya sekondari, na wanafunzi walimwita Kipenga kwa kuwa kipenga hakikumtoka shingoni hata akienda msibani. Mwembamba, mrefu, anaonekana kama mtu ambaye muda wowote atasikia mlio wa kuanza mbio. Bonge aliyatafuta macho yake. Macho yale ndiyo yaliyomfanya akubali kuvishwa pete, maana yalikuwa na tabia ya kumtazama kama vile amepotea na sasa ameonekana. Leo hayakumtazama. Yalikuwa kwenye mshale.

Akapanda.

“Wifi, soma wewe,” mama mkwe alimwambia shangazi. “Miwani yangu iko chumbani.”

Shangazi aliinama kwa taabu, maana naye Mungu hakumnyima mwili. Akakunja uso. Akainuka. Akainama tena.

“Imepanda,” alisema.

“Nini imepanda?”

“Mizani, wifi. Imepanda. Kilo moja nzima kuliko Jumamosi iliyopita.”

“Haiwezekani.” Kipenga aliivuka sebule kwa hatua mbili. “Shuka. Panda tena.”

Bonge akashuka, akapanda.

“Vua saa.”

“Saa yangu ina kilo, Kipenga?”

“Vua tu, mpenzi.”

Akavua. Mshale ulitikisika, ukafikiri, ukarudi palepale kama mpangaji sugu.

“Labda mizani imeharibika,” shangazi alisema kwa huruma.

“Basi panda na wewe, shangazi, tujue,” Bonge alimwambia.

“Mimi? Mimi nimeshaolewa, mwanangu. Mizani ya nini tena?”

Hakuna aliyecheka. Mama mkwe aliketi polepole, akaukunja mtandio wake mapajani kama anayefunga habari. Kipenga alichuchumaa mbele ya mizani, akaugonga mshale kwa ukucha, kisha akainua uso. Sasa alimtazama. Bonge alitamani angeendelea kuutazama mshale.

“Umekula nini?”

Aliuliza kwa sauti anayoitumia kwa wanafunzi waliochelewa.

“Nimekula chakula.”

“Nakuuliza vizuri.”

“Na mimi nakujibu vizuri. Ninakula kile tulichopanga. Asubuhi, mchana, jioni. Silambi sukari gizani.”

“Basi kilo moja imetoka wapi? Imeingia kupitia dirishani?”

Bonge aliuchukua mkanda wake kwenye kochi, akaufunga kiunoni, akauvuta. Ukapita tundu la zamani, ukapita na la pili yake, ukafika kwenye tundu jipya ambalo kingo zake zilikuwa bado za ngozi mbichi.

“Hili nimelitoboa mwenyewe, kazini, kwa sindano ya kushonea ngozi. Mkanda ulikuwa unanianguka. Tazama, basi. Tazama mimi, achana na huo mshale.”

“Mkanda si mizani,” mama mkwe alisema taratibu.

“Mama, kwa heshima, mizani nayo si mimi.”

Kipenga alisimama. Alikuwa na akili, na hilo ndilo lililomfanya asumbue. Bonge aliona usoni mwake jinsi alivyokuwa anapiga hesabu, kiuno kimepungua, uzito umepanda, kisha akafika.

“Unanyanyua vyuma,” alisema.

Bonge aliuachia mkanda.

“Goti lako. Uliniambia goti linauma, tupunguze mbio. Nikakimbia peke yangu wiki nzima nikiwaza goti lako. Kumbe unakwenda kunyanyua vyuma.”

“Goti liliuma kweli.”

“Na vyuma?”

“Ninakwenda kwa Dada Nondo. Nyuma ya ghala la mbao. Tangu mshale ulipogoma kushuka.”

“Vyuma vya nini?” shangazi aliuliza. “Unataka kuhamisha nyumba ya nani?”

“Shangazi, tafadhali.” Kipenga hakugeuka. “Nilikuambia mpango ni mbio. Nilikuambia kwa nini. Saa moja ya kukimbia inaunguza kalori kuliko saa moja ya kunyanyua. Hilo si la kubishania.”

“Sijabisha.”

“Sasa?”

“Sasa nilikimbia, Kipenga! Nilikimbia na wewe kila alfajiri. Kilo zikashuka mwanzoni, tukafurahi, mama akanipikia. Halafu zikasimama. Ukaniambia ongeza mbio. Nikaongeza. Punguza sahani. Nikapunguza. Nikawa nafika kazini mikono inatetemeka, siwezi kuvuta kitambaa kikae sawa juu ya sponji. Mimi! Fundi mkuu ananitazama kama mgonjwa. Mafuta yakabaki, nguvu ikaondoka. Mwili ukishinda njaa na mbio tu, unakula mpaka misuli yake. Na wewe unalijua hilo. Unalifundisha watoto wa watu ubaoni!”

“Ninalijua,” alisema kwa meno yaliyofungana.

“Na misuli inaunguza hata mtu akiwa amelala.”

“Kidogo. Kidogo sana. Huyo Nondo wako asikudanganye kwamba utalala uamke mwembamba.”

“Hajanidanganya. Ameniambia kukimbia nisiache, na kijiko, yaani ulaji, ndicho chenye kesi kubwa kuliko vyote viwili. Ila chuma kinafanya kinachoondoka kiwe mafuta, nisibomoke mimi mzima. Uzito umepanda kilo, kiuno kimeshuka. Unafikiri ni miujiza?”

“Ninafikiri ungeniambia.”

Hapo alikuwa na haki, na Bonge alijua. Haki yake ikamchoma zaidi kuliko kama angekosea.

“Ningekuambia ungenisikiliza? Ungepuliza kipenga tu.”

Mama mkwe aliinua mkono, na wote wakanyamaza. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Mumewe alifariki akiwa anapanda ngazi za nyumba hii hii, mkono kifuani, mtu mnene, mcheshi, asiyejua kusema hapana kwa sahani. Picha yake ilining’inia juu ya televisheni, anacheka.

“Mwanangu,” alimwambia Bonge, “mimi sikuchukii. Uelewe hivyo. Mimi nimezika mume. Sitaki mwanangu azike mke angali kijana. Ndiyo maana nikasema tusubiri.”

“Naelewa, mama. Ndiyo maana nimevumilia. Lakini hizo kilo mlizozitaka—”

“Alizozitaka nani?”

“Wewe, mama.”

Mama mkwe alimgeukia mwanawe. Shangazi naye akageuka. Kipenga akatazama picha ya baba yake.

“Mimi nilisema awe na afya,” mama mkwe alisema. “Basi. Mimi nitazijulia wapi kilo? Huyu ndiye aliyezitaja. Aliketi hapo ulipouweka mkanda wako, akaniambia, mama, akizidi hapo atatufia mikononi kama baba. Tusipange siku mpaka ashuke. Na mizani akaileta yeye. Nikaamini, kwa sababu ndiye aliyesomea.”

Bonge alisikia masikio yake yakivuma. Jumamosi zote zile. Zote, akivua hereni mbele ya watu wazima, akijiambia kwamba anamvumilia mama wa watu, kwamba mchumba wake naye anaumia kimyakimya na hana la kufanya. Mara ngapi, wakitoka hapa, amemshika mkono na kumwambia, “Pole, unamjua mama.” Unamjua mama!

“Kipenga,” alisema. Sauti ilitoka ndogo. “Ulikuwa unanipa pole ya nini?”

Kipenga aliinama, akaisukuma mizani chini ya meza.

Bonge akavaa ndala zake na saa yake. Hereni akazisahau. Mlangoni aligeuka, akamwambia mama mkwe asante kwa chai, kwa sababu mama yake alimlea vizuri, akaondoka kabla machozi hayajamwaibisha.

* * *

Kesho yake jioni jua lilikuwa bado liko juu ya paa la ghala la mbao. Chumba cha Dada Nondo kilinuka kutu, jasho na sabuni ya kufulia. Hakikuwa na vioo ukutani, maana Nondo alisema mtu akijitazama sana hasukumi. Alikuwa mwanamke mpana wa mabega, aliyewahi kuwa mpiga mieleka na sasa alizungumza kama mtu ambaye hajawahi kushindwa hata kwenye bei ya vitunguu.

“Leo unasukuma kwa hasira,” alimwambia Bonge. “Hasira ni nzuri, lakini haina pumzi. Nani amekufanya hivyo?”

“Hakuna.”

“Hakuna huyo amesimama mlangoni?”

Kipenga alikuwa mlangoni, na fulana ya mazoezi, vumbi la uwanjani miguuni. Mkononi alikuwa na hereni za Bonge kwenye kipande cha karatasi. Bonge alimtazama akiwa amelala chali kwenye benchi, chuma juu yake, na moyo wake, mjinga ule, ukaruka kama zamani. Akaukasirikia nao pia.

“Naomba nizungumze naye,” Kipenga alisema.

“Hapa hatuzungumzi, tunanyanyua,” Nondo alijibu. “Ukitaka kuzungumza, msimamie. Njoo. Simama hapa kichwani pake. Mikono chini ya chuma, usikiguse. Akishindwa, unakipokea. Asiposhindwa, unatulia. Umeelewa, mwalimu?”

“Nimeelewa.”

“Huwa wote wanasema wameelewa,” Nondo alisema, akaenda zake upande wa pili kupanga vyuma, masikio yakabaki.

Bonge akaking’oa chuma, akakishusha kifuani. Juu yake kulikuwa na uso wa Kipenga, kinyumenyume, karibu kuliko ulivyokuwa siku nyingi. Akasukuma. Chuma kikapanda, kikafika katikati, kikapunguza mwendo, mikono ikaanza kutetemeka, na hapohapo kikawa chepesi. Kipenga alikuwa amekinyakua.

“Nani amekuambia ushike?”

“Ulikuwa unatetemeka.”

“Kutetemeka ndiyo kazi yenyewe!” Alikaa kitako. “Hata hapa huwezi? Hata hapa?”

“Niliogopa.”

“Uliogopa nini, nisukume?”

“Niliogopa, basi!” Sauti yake iligonga mabati. Kipenga akaketi kwenye gurudumu la trekta lililokuwa kando, akajishika kichwa. Alipozungumza tena ilibidi Bonge ainame kumsikia. “Baba alipoanguka kwenye ngazi, mimi ndiye niliyetumwa kuita gari. Nilikimbia. Sijawahi kukimbia vile. Niliporudi na gari alikuwa amefunikwa. Watu wananiambia pole, mimi nahema tu, nahema, siwezi hata kulia kwa kuhema. Tangu siku hiyo nikimwona mtu ninayempenda anapumua kwa shida, akili inaniruka. Wewe ukipanda ngazi za nyumbani ninahesabu pumzi zako. Hujui. Nikaona nikisema mimi utanichukia. Mama akisema, utatii.”

Bonge alitaka kumshika shingo, pale kamba ya kipenga ilipomchubua. Alitaka pia kumpiga na ndala. Mambo yote mawili yalikuwa ya kweli kwa kiasi kilekile.

“Tukikimbia,” alisema mwishowe, “mimi naona nini mbele yangu?”

“Barabara.”

“Mgongo wako. Kila siku, mgongo wako unaenda zake. Unafika kwenye kona, unapuliza, unaniambia kaza. Mtu anayehesabu pumzi zangu anazihesabuje akiwa mbele ya kona?”

Kipenga alipangusa vumbi miguuni.

“Kama unaogopa kunipoteza, mbona unaniacha nyuma?”

“Nikikutazama unavyohema, nasimama,” alisema. “Nisingeweza kumaliza.”

“Nani kakuambia tumalize?”

Alicheka kidogo, cheko la mtu aliyepigwa. Akainuka, akaja tena kichwani pake. “Lala. Mara moja tu. Sitashika.”

Akalala. Akashusha chuma. Safari hii Kipenga aliweka mikono wazi chini ya chuma, upana wa kidole, na chuma kilipofika katikati na kuanza kusita, mikono yake nayo ilitetemeka, ya kwake zaidi ya ya Bonge. Jasho lilimtoka kwenye kidevu likadondoka kwenye paji la uso wa Bonge. Hakushika. Bonge aliuma meno, akatoa sauti ambayo mama yake asingeipenda, akasukuma mpaka viwiko vikanyooka.

Chuma kikalia kwenye vishikio. Walitazamana, uso juu chini, wote wakihema.

“Samahani,” alisema Kipenga. “Kilo zile hazikuwa elimu. Zilikuwa woga. Nilizitoa kichwani.”

Maneno hayo Bonge aliyangoja tangu jana. Yalikuwa matamu. Na bado hayakutosha.

“Mama yako anajua hivyo?”

“Mama?”

“Umenitubia mimi, kwenye chumba cha vyuma, hakuna mtu. Mama yako mpaka sasa anajua nitakufa. Shangazi yako anajua nitakufa. Baba yangu anajua kwenu hawamtaki binti yake. Wewe ndiye uliyesema, na wewe ndiye uliyesomea. Nani ataliondoa hilo neno pale sebuleni?”

“Nitaliondoa mimi.”

“Lini?”

“Nitamwambia. Nikipata nafasi nzuri. Labda Jumamosi tukikaa wote, baada ya chai, nianze taratibu…”

“Jumamosi!” Bonge aliinuka benchini kama amechomwa. “Mungu wangu, Jumamosi! Nipande kwanza au nisipande? Nivue hereni au leo mmenisamehe?”

“Sikumaanisha hivyo.”

“Hukumaanisha kamwe. Kipenga, mimi nakupenda mpaka nimechoka. Najua kukubeba. Ninabeba makochi, nakubeba na wewe. Lakini jambo hili siwezi kukubebea. Ukinioa na neno lile likiwa bado liko pale, nitakuwa mgonjwa wa nyumba ile maisha yangu yote. Nikikohoa, watatazamana. Nikipata mtoto nikanenepa, wataleta mizani.”

“Unataka nifanye nini?”

“Umesomea. Fikiri.”

Kipenga alisimama pale, mikono ikimning’inia, na kwa mara ya kwanza tangu amjue, hakuonekana kama mtu anayesubiri mlio wa kuanza. Alionekana kama mtu aliyefika mahali na kukuta hakuna mstari wa mwisho. Akaweka hereni juu ya benchi, polepole, kana kwamba zingevunjika. Alimtazama. Ndiyo, yale macho. Halafu akatoka.

Bonge akageuka ukutani. “Dada Nondo,” aliita, sauti imekauka, “njoo unisimamie. Huyu ametoka.”

Nondo hakuja upesi. Alikuwa amesimama kwenye dirisha dogo linalotazama barabara, shingo nje, bila haya kabisa.

“Amekwenda wapi?” Bonge aliuliza, akajichukia kwa kuuliza.

“Kulia ni kwake?”

“Kulia ni shuleni na kwake.”

“Na kushoto?”

“Kushoto ni kwa mama yake.”

Nondo aliegemea dirisha kwa viwiko.

“Amesimama njia panda,” alisema. “Anajishika kiuno. Anatazama kulia.” Akafyonza. “Mwanaume huyu atanipa presha. Anatazama kulia tena.”

“Toka dirishani, dada. Mwache.”

“Ameenda kushoto.”

Bonge alikaa chini, palepale sakafuni, kwenye vumbi la chaki ya kupaka viganjani.

“Anakimbia?” aliuliza.

“Hapana,” Nondo alisema. “Anatembea. Tena kwa shida, kama amebeba kitu.”

Bonge aliufuta uso wake kwa kiganja. Hakutabasamu, hasira ilikuwa bado haijamwisha, na alijua itachukua muda. Lakini alilala tena kwenye benchi, akakishika chuma.

“Acha dirisha, dada,” alisema. “Akibeba, abebe mwenyewe. Njoo.”